Gari la Kumbeba Mkwe na Mianzi Minne

Jumapili, 6 Julai

Nimepoteza gari. Jana Jumamosi, saa kumi na moja jioni, ndani ya Ziwa Viktoria, kwenye mwalo wa wavuvi wa Nkome, mbele ya watu wasiopungua arobaini. Hakuna aliyenyanyua mkono isipokuwa kupiga picha.

Maelezo kamili, maana najua yatapotoshwa. Breki ya mkono haikuwa ikishika tangu Pasaka. Sikuitengeneza, kwa sababu jiwe linafanya kazi ileile bure. Nikaegesha kwenye mteremko, nikaweka jiwe mbele ya gurudumu. Hadi hapo sioni kosa. Kisha kimia cha mke wangu Lusia, wavu mdogo wa kukombea samaki, kikawa kinaelea badala ya kuzama. Kinataka kitu kizito. Nikaangaza macho kutafuta kitu kizito. Nikakiona. Mtu wa vitendo hatafuti jiwe la pili wakati la kwanza lipo.

Gari likaondoka taratibu, kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kuaga.

Wavuvi wamelivuta leo asubuhi. Injini imejaa maji. Kwenye buti kulikuwa na sato wawili wadogo, na wavuvi wakadai ni samaki wao! Nimewaachia vyote, gari na sato, kwa bei ya chuma chakavu. Mianzi minne ya kuvulia imepona kwa kuwa ilikuwa mikononi mwangu na mwa Lusia. Je, kuna aliyesema angalau mianzi imepona? Hakuna.

Lusia hajapiga kelele. Hiyo ni mbaya zaidi. Kasema tu kwamba Jumamosi ijayo ndiyo ya mwisho ya kumpeleka mama kuvua, hana nyingine. Kisha akaingia jikoni.

Mama ni mama yake, yaani mkwe wangu, bibi Ndaki. Umri miaka sabini na tisa. Mzinza wa ziwani, amevua tangu hajaota meno ya pili. Daktari kasema ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki hakina ahadi. Jumapili ijayo shemeji yangu Sostenes anakuja kumchukua akaishi naye Isaka. Isaka! Bandari kavu! Makontena, malori na vumbi. Mama aliuliza meli zinafikaje huko. Akaambiwa kwa reli. Nasikia siku hiyo hakumaliza chakula.

Kwa nini asiishi kwetu Katoro, kilomita sabini tu kutoka ziwani? Kwa sababu yangu. Kwa desturi yao mama hawezi kulala chini ya paa la mume wa binti yake, wala hawaonani uso kwa uso. Miaka ishirini na nane tunazungumza kupitia Lusia, au kupitia ukuta. Namjua kwa kikohozi, kwa kanga, na kwa kisigino kinachopotelea kwenye kona.

Wiki hizi za kliniki amelala kwa jirani yangu Selestine na mkewe Generosa. Selestine si mkwe wake. Kwa hiyo Selestine anampa shikamoo ana kwa ana kila asubuhi, anaitikiwa marahaba, kisha anavuka barabara kuja kunisimulia. Bila kuulizwa.

Lengo la wiki: gari. Linywe petroli kidogo. Libebe mianzi minne ya mita nne, ndoo ya chambo, kimia, Lusia na mama. Na mimi dereva nisimwone mama hata kidogo.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Wenzangu wamepumzika. Mimi nimewasha mashine zote mbili za kusaga, kwa sababu Katoro inakula ugali hata siku ya sikukuu.

Saa nne akaja Selestine. Ana karasha la kusagia mawe ya dhahabu, ana pikapu nyeupe ya dabo kebini, na ana sauti. Akaniambia mbele ya akina mama wote waliopanga madebe yao, pole sana Baba Ritha kwa msiba wa meli yako. Akina mama wakacheka hadi mmoja akamwaga mahindi.

Kisha akasema, kwa ule ukarimu wake unaokera, kwamba Jumamosi atampeleka mama ziwani yeye mwenyewe. Kiyoyozi. Viti vya ngozi. Bure. Nikamuuliza gari lake linakwenda kilomita ngapi kwa lita moja. Hajui! Mtu mzima, mwenye meno yote, hajui! Kasema anajaza tu likiisha.

Nikamwambia asante, ninalo gari. Sikuwa nalo.

Nyumbani Lusia akauliza kwa nini nimekataa msaada wa jirani. Akaongeza kwamba mama anakipenda kiti cha Selestine, kinampoza mgongo, na anamwona Selestine ni kijana mwenye adabu. Kijana! Ana miaka hamsini na mbili!

Nikatoka nje na daftari. Naandika hapa. Mwaka tulipoanza maisha nilikuwa na baiskeli moja na magunia ya mkaa ya watu. Kila Jumamosi asubuhi tulikuta kikapu cha samaki wakavu mlangoni. Mama hagongi, hakai. Nikifungua naona ncha ya kanga inakata kona. Mwaka mzima. Hivi vyote nilivyonavyo nimevitafuta kwa jasho langu na sina wa kumshukuru, ila kile kikapu kila nikipiga hesabu kinabaki. Sijawahi kumwambia ahsante kwa kinywa changu. Sasa Selestine ndiye ampeleke ziwani mara ya mwisho? Kwa kiyoyozi?

Haiwezekani.

Jumanne, 8 Julai

Charles, dalali wa magari, kaleta Vitz. Yeye anasema lita moja kilomita kumi na nane. Mimi nasema kumi na tano, maana dalali huwa anahesabia mteremko. Hata hivyo kumi na tano si haba. Nikaipenda.

Shida ni mwanzi. Mita nne. Uliingilia kwenye buti, ukapita kati ya viti, ukatokea dirisha la abiria, na bado ukabaki na mita nzima ya kusalimia watu. Charles akasema hilo ni dogo, nijaribu tu barabarani.

Nikajaribu kupita mtaa wa soko. Siku ya mnada.

Kwanza mwanzi ulichukua kofia ya kijana wa bodaboda. Halafu kamba ya mitumba. Nilifika stendi nikiwa na mashati matatu, gauni moja la harusi, na mwenye kofia akinifuata huku akinitaja kwa majina ambayo hayapo kwenye cheti changu cha ubatizo. Muuza nguo alisema gauni limechafuka, lazima nilinunue. Nimelinunua. Charles alikuwa amekwisha kushuka kwenye kituo cha mafuta, akidai ana simu.

Lusia kaliona gauni. Kauliza ni la nani. Nikasema ni habari ndefu, naweza kukuelezea baadaye. Akalipima begani mbele ya kioo. Akacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi. Halafu akakumbuka amekasirika.

Vitz imerudi kwa Charles.

Jumatano, 9 Julai

Probox. Nafasi nyuma kama ghala! Mianzi inalala kimshazari, ncha zinatoka nusu mita tu, nafunga kitambaa chekundu. Lita moja, kilomita kumi na sita. Nikasema hapa tumemaliza.

Mimi huwa sikurupuki. Nikafanya zoezi. Nikamweka Lusia kiti cha nyuma katikati, mahali pa mama, nikakaa kwenye usukani. Nikanyanyua macho kwenye kioo cha dereva.

Lusia! Mzima mzima! Paji la uso, macho, kidevu, kila kitu. Nilimtazama kwa muda. Miaka hii yote huwa anakaa kando yangu, sikuwahi kumwona kwa mbele akiwa ametulia hivi. Ana mvi mbili juu ya sikio. Akauliza naangalia nini. Nikasema naangalia kioo.

Maana yake ni kwamba Jumamosi hapo penye uso wa Lusia patakuwa na uso wa mama, kilomita sabini kwenda na sabini kurudi. Nitakuwa nimemwona mkwe wangu zaidi ya watu wengi walivyowaona wake zao. Ni fedheha. Afadhali ningekaa naye mezani.

Nikamwambia Charles akitoe kioo. Akasema trafiki hawatakubali. Nikatundika leso juu yake. Nikajaribu kurudi nyuma bila kuona.

Dabo kebini ya Selestine ilikuwa imeegeshwa nje ya geti lake, mahali ambapo ina haki ya kuegeshwa, kama alivyonieleza mara tano. Taa yake moja ya nyuma ikavunjika. Selestine hakukasirika. Alinishika bega! Alisema Baba Ritha, nakuonea huruma, chukua tu gari langu Jumamosi. Nilitamani angenipiga.

Nimelipa taa. Probox imerudi.

Alhamisi, 10 Julai

Mawazo matatu kabla ya chai. La kwanza, guta la magurudumu matatu. Linakunywa kidogo kuliko mtoto mchanga, ila Lusia kasema mama yake si tenki la maji. La pili, Noah yenye pazia katikati. Nikatuma ujumbe kupitia Lusia. Jibu la mama likarudi baada ya dakika tano: mwambie huyo mkwe mimi si bi harusi wa kufichwa. La tatu sitaliandika. Lilihusu kofia ya kuziba macho ya upande mmoja.

Mchana Generosa alipita mashineni na debe lake. Jumatatu alicheka na wenzake, leo hakucheka. Akasema asubuhi mama alimimina chai kando ya kikombe, akaendelea kumimina hadi ikafika ukingoni mwa meza na kumchuruzikia miguuni. Mama akaomba radhi kwa kuchafua kitambaa cha meza. Kisha akauliza, hivi leo ni siku gani? Akaambiwa Alhamisi. Akahesabu kwa vidole hadi Jumamosi.

Nimezima mashine moja. Sikuwa nasikia vizuri.

Jioni nimemkuta Lusia anafunga ndoano mpya kwenye mishipi, kila mwanzi ndoano yake. Hakuna gari lakini anafunga ndoano. Nikakaa, nikamshikia uzi. Nilijichoma mara mbili.

Ijumaa, 11 Julai

NIMEPATA!

Kirikuu! Kile kipikapu kidogo chenye uso wa kushangaa. Kebini ya watu wawili, bodi wazi nyuma. Lita moja, kilomita kumi na nne. Mianzi inapita juu ya kebini, inalala kama mfalme. Ndoo, kimia, kila kitu nyuma. Mimi na Lusia mbele. Na mama?

Mama nyuma, juu ya kiti! Siyo sakafuni. Kiti changu mwenyewe cha sebuleni, kile cha mito, ambacho hata mchungaji hajawahi kukalia. Nimetoboa bodi, nimekifunga kwa bolti nne za inchi nusu. Kimeangalia nyuma, kwa hiyo hata kisogo changu hatakiona. Mwavuli nimeufunga kwenye bomba la chuma la bodi. Mkanda nimeukata kwenye mkanda wa mashine. Kilo mia mbili haziwezi kuking'oa, nimejaribu mwenyewe na magunia mawili ya mahindi.

Nikatuma ujumbe kwa fahari. Jibu: mwambie huyo mkwe mimi si gunia.

Nilikaa chini. Nakiri nilikaa chini juu ya tofali, na bisibisi mkononi.

Baada ya saa moja Lusia akaniambia niingie mashineni nifunge mlango, mama anavuka barabara. Nikafunga. Nikasikia kikohozi. Nikasikia mkono unapapasa kiti, mto, bolti, mkanda. Nikasikia anauliza ukikaa hapa unaona mbali kiasi gani. Lusia akasema mama, unaona barabara yote. Halafu mama akauliza nani kafunga bolti hizi. Lusia akasema ni Baba Ritha mwenyewe. Mkono ukarudi kwenye bolti.

Mama akasema sawa, ila mwavuli aondoe, anataka jua.

Nimeondoa mwavuli. Nimefuta kiti mara tatu.

Jumamosi, 12 Julai

Lazima niandike kwa utaratibu.

Tumeondoka alfajiri. Selestine alikuwa kasimama getini, dabo kebini inaunguruma, mlango wa nyuma kaufungua. Akamwambia mama karibu, mianzi iende na kirikuu, wewe njoo kwenye kiyoyozi. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya usukani, naangalia chini. Nikasikia mama anasema ahsante mwanangu, lakini kiti changu kimekwisha kufungwa bolti. Akapandishwa bodini. Nilitaka kupiga honi. Nilijizuia.

Tulipita Katoro yote hivyo. Watu walisimama. Akina mama wa mbogamboga walipunga mikono, naye akapunga kama kiongozi wa serikali. Waendesha bodaboda watatu wakatusindikiza.

Kabla ya kufika Geita mjini tukasimamishwa na trafiki, dada mmoja wa Kisukuma mwenye miwani. Akamtazama bibi juu ya kiti. Akamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, bibi. Kisha akaja dirishani, akaniuliza kwa nini nimempakia mtu mzima kama mzigo. Nikaanza kumweleza bolti, inchi nusu, kilo mia mbili. Akasema hajauliza bolti.

Ndipo mama akasema kutoka juu, kwa sauti ambayo gari zima lilisikia:

“Mwanangu, mkwe wangu yumo humo ndani. Ungekuwa wewe ungeniweka wapi?”

Trafiki akafikiri. Nilimwona anafikiri. Akasema bibi nimekuelewa, hata kwetu ni hivyohivyo, lakini sheria haimjui mkwe. Mtu hakai bodini. Watu wawili mbele, basi. Huyu mama kijana apande bodaboda, bibi aingie mbele.

Mbele! Kwenye kebini ya kirikuu! Ambayo watu wawili wakikaa wanashirikiana pumzi!

Lusia akanitazama. Mimi nikamtazama trafiki. Trafiki akasema, kwa heshima kubwa, atageuka asione, na mimi nigeuke. Tukageuka wote. Mama akashushwa, akaingizwa, akajifunika kanga hadi puani. Lusia akapanda bodaboda na ndoo ya chambo mapajani. Kiti cha sebuleni kikaendelea na safari peke yake.

Kilomita arobaini na tano zimebaki. Bega langu la kulia liko nje ya dirisha. Shingo nimeikaza, macho mbele. Halafu likaja suala la gia. Gia ya kwanza na ya pili ziko upande wa goti lake. Mkono wangu ungemgusa. Nikaondoka na gia ya tatu! Gari likaruka kama chura, likazima. Nikawasha, likaruka, likazima. Kila tuta hivyohivyo. Petroli ilikuwa inaisha kwa kasi ambayo sitaki kuiandika, na sikujali. Mimi! Sikujali!

Tuta la nne mama akazungumza. Siyo kupitia ukuta. Hapo hapo, kando ya sikio langu.

“Tia gia unayotaka, mwanangu. Mimi pembeni sioni tena. Naona mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Hapo ulipokaa, hupo.”

Sikujua kama desturi inaniruhusu kujibu. Nikapiga honi.

Akacheka chini ya kanga. Nikatia gia ya pili.

Nkome. Nikaegesha mahali tambarare, na gia nimeacha ndani. Nikafungua bolti, nikakibeba kiti kichwani hadi majini, nikakiweka, nikarudi haraka nyuma ya kirikuu kabla hajaketi. Lusia akampa mwanzi. Mama akautupa mshipi mwenyewe, mara moja, pale pale alipotaka, kama mtu anayerusha kanga begani. Boya likatulia mbele yake. Ziwa lilikuwa jeupe. Kwa nusu saa hakutikisika. Nilikuwa namwona mgongo tu. Mgongo si uso. Nilikagua, sioni kosa.

Lusia akaenda kutafuta chapati. Upepo ukalisogeza boya kushoto. Kidogo. Kidogo tena. Mama akawa anaangalia palepale mbele, mahali ambapo boya halipo.

Boya likazama!

Mama hakuona. Likaibuka, likazama tena. Nikamtafuta Lusia. Hayupo. Nikakohoa. Nikapiga teke gurudumu. Mwanzi unapinda mkononi mwake, naye anapapasa, hajui avute upande gani.

“Mama! Kushoto! Vuta kushoto, mama!”

Ni mimi niliyesema. Akavuta. Sangara! Mrefu kama mkono wangu wote! Uzi ukanasa kwenye jiwe. Nikakimbia na kimia, nikaingia majini hadi kiunoni, mimi mtoto wa wachunga ng'ombe wa Shinyanga, nisiyejua kuogelea hata kwenye karai. Nikamkomba sangara. Nikageuka, nimemkumbatia, ananipiga mkia kidevuni.

Nilikuwa nimesimama mbele ya mama. Mbele kabisa. Ndani ya bomba.

Nikainamisha uso.

Akasema, “Usiiname.”

Nikaacha kuinama. Akateremsha kanga. Akanitazama kwa muda mrefu, polepole, kipande kimoja baada ya kingine, maana ndivyo macho yake yanavyoweza. Uso wake ni wa Lusia, ule wa kwenye kioo, umeongezewa jua tu.

“Kumbe ndiwe,” akasema. “Kichwa chote hiki! Lusia aliniambia una kipara kidogo.”

Nikasema shikamoo, mama.

Akasema marahaba. Kisha akasema ziwa ameliona tangu utotoni, hata likizimika atalijua kwa harufu. Ila mimi alikuwa bado hajaniona, na aliogopa muda utamkimbia.

Hapo ndipo ningepaswa kusema juu ya kikapu. Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo miaka ishirini na nane! Nikafungua kinywa, nikamwambia kirikuu kinakwenda kilomita kumi na nne kwa lita moja.

“Hongera,” akasema mama.

Lusia alikuta tumekaa hivyo, mama kitini, mimi kwenye maji, sangara katikati. Akaziangusha chapati.

Jumapili, 13 Julai

Nimeamka na akili safi. Mambo yamebadilika, kwa hiyo hesabu inabadilika. Mama kaniona. Hakuna cha kuficha tena. Basi aende Isaka kufanya nini?

Nimepima stoo ya magunia nyuma ya mashine. Ina mlango wake, dirisha lake, na bati lake. Kati ya bati hilo na bati la nyumba yangu kuna nafasi ya kiganja kimoja. Nimeingiza kiganja, kimepita. Kwa hiyo si paa langu. Ni paa lingine lililo jirani. Selestine akibisha aje na kiganja chake.

Limebaki gari. Kila Jumamosi tutakuwa watatu, mama sasa anakaa ndani, na kirikuu kina nafasi mbili. Hakifai. Sikumwuliza mtu, maana wiki nzima nimeona ushauri wa watu unavyochelewesha. Saa moja asubuhi nimekwenda kwa Charles, nimembadilishia kirikuu kwa gari zuri ajabu. Refu! Mianzi ya mita nne inalala ndani yote, wala haigusi mlango. Viti vya pembeni vya watu sita. Reli za kusukumia mzigo. Injini haijachoka kwa sababu siku zote limeendeshwa polepole sana. Lita moja, kilomita kumi na tatu. Lilikuwa la kampuni moja ya mazishi. Maandishi ya SAFARI YA MWISHO ubavuni yatapakwa rangi wiki ijayo. Msalaba juu unaweza kubaki, unafaa kufungia mishipi.

Limeegeshwa nyuma ya mashine. Lusia bado hajaliona. Nataka iwe zawadi.

Nimemwomba Lusia ampelekee mama ujumbe wangu. Amekataa! Kasema una mdomo, jana ulionekana, vuka barabara ukaseme mwenyewe. Siwezi. Jana nilikuwa na sangara wa kushika. Kwa hiyo ninauandika hapa, kisha nitausoma kwa sauti kubwa nikiwa upande huu wa ukuta wa Selestine. Pale alipo atausikia.

Mama, shikamoo. Ni Athanas. Sostenes anafika saa nane mchana na gari la kukodi. Stoo nimeifagia. Kitanda kimo, kiti chako kimo, hakina bolti tena. Dirisha linatazama upande unakotoka upepo wa ziwa. Usafiri upo, utauona, usiogope. Sitaki uniambie tutaona, wala Mungu akipenda, wala umwulize kwanza Sostenes. Kuna kikapu kimoja bado nimekishikilia, nahitaji kujua nikiweke kwenye mlango upi. Naomba jibu moja tu, kwa sauti, kupitia ukuta huuhuu. Unakaa au unakwenda? Kabla ya saa nane, mama. Unakaa, au unakwenda?